Kiwiko cha Shedlia

Nabeul, 9 Januari 1987

Lutfi mjukuu wangu,

Salamu zangu zikufikie, pamoja na za ami yako Hedi, ambaye mkewe kajifungua mtoto wa kike, wa nne huyo, na Hedi uso umemshuka kama mtu aliyeitwa polisi. Nimemwambia hata mimi nilizaliwa mwanamke na dunia haikuanguka. Mvua imepiga siku sita. Dari la ghala linavuja pale pale unapopajua, pale ulipoahidi kupaziba mwezi wa tisa, ukaishia kupapiga picha. Kuku mwekundu kafa. Mguu wangu haujambo. Hayo ndiyo ya nyumbani, sasa tega sikio.

Nataka uniambie Shedlia umempeleka wapi.

Usijifanye hujui. Ulikuja na lile dude lako shingoni, ukatukuta mimi na Shedlia tumekaa kizingitini tunatunga pilipili kwenye uzi, kama tunavyofanya kila mwaka tangu baba yako hajaota meno. Ukaanza: kaeni hivi, kaeni vile, sogea Bi Shedlia, inua uso Bibi. Mwanamke wa watu kakaa tangu adhuhuri hadi alasiri na goti linamuuma, kwa ajili yako, kwa sababu ndiye aliyekushika siku ya tohara yako ulipokuwa ukipiga mayowe mtaa mzima ukasikia. Sasa binti yake Najat, yule aliyeolewa huko Sfax, kaingia kwenye hiyo Nyumba yenu ya Utamaduni kumwandikisha mwanawe masomo ya kupiga udi. Kakuta nini ukutani? Kanikuta mimi, mkubwa kama mlango, na pembeni yangu kiwiko. Kiwiko tu! Kakitambua kwa bangili. Na chini yake mmeandika "Upweke".

Najat akamweleza mama yake. Shedlia alinirudishia ungo wangu kwa kuutundika kwenye komeo la mlango, kama mtu anayerudisha vyombo vya marehemu, na tangu siku hiyo, wiki ya tatu hii, hanisalimu. Anaamini mimi ndiye niliyekuambia umtoe. Anaamini niliutaka ukuta mzima peke yangu.

Na wewe si mgeni hapa. Mwezi wa tatu midanzi itachanua. Mtambo wetu wa kukenekea maji ya maua tuliununua pamoja, miaka thelathini na moja sasa, na tukagawana ili asiwepo wa kumkimbia mwenzake: chungu cha shaba kinakaa kwangu, kifuniko na bomba lake vinakaa kwake. Bila kile cha kwake, changu ni beseni la kuogeshea watoto. Sijawahi kukosa msimu, hata mwaka aliokufa babu yako sikukosa. Wewe ndiye uliyeharibu, wewe ndiye utakayetengeneza.

Bibi yako,
Mannubia


Sfax, 20 Januari 1987

Bibi mpendwa,

Nakubusu kichwa na mikono yote miwili. Mpe ami Hedi hongera zangu, na mwambie wasichana wanne ni nyumba yenye kelele nzuri. Mimi mzima. Kazi ya kutengeneza redio inakwenda, upepo wa hapa unakata masikio, nimenunua koti.

Kuhusu ile picha, naomba unielewe. Chama chetu kinakutana kila Alhamisi watu wakitoka kazini. Tuko kumi na mmoja, mafundi, walimu, karani mmoja wa reli, na mwenyekiti wetu Bwana Rauf, daktari wa meno, ambaye ana kamera nzuri kuliko zetu zote. Kila mtu anaweka picha yake mezani, wengine wanaisema, na mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo hadi wamalize. Ndivyo tunavyofundishana. Zamu yangu ilipofika, Bwana Rauf aliitazama picha yenu kwa muda mrefu. Akachukua vipande viwili vya kadibodi, tunavyovitumia kufunika kingo ili tuone picha ingekuwaje ikipunguzwa, akavisogeza polepole, akasema, "Hapa pana malkia wawili. Mmoja ashuke kitini." Wote wakaitikia. Basi nikaisafisha upya bila Bi Shedlia. Kiwiko kilibaki kwa sababu ningekiondoa ningekata na bega lako.

Si dharau, Bibi. Ni sanaa. Watu wanasimama mbele ya picha ile machozi yakiwalengalenga. Mwalimu mmoja wa kike alitoa leso. Nimekuwekea nakala ndogo humu ndani ujionee mwenyewe. Bi Shedlia mwambie nikija nitampiga yake peke yake, nzuri.

Mjukuu wako mtiifu,
Lutfi


Nabeul, 2 Februari 1987

Lutfi,

Salamu. Mtoto wa Hedi wamempa jina la Beya, analia kama punda wa chokaa. Dari bado linavuja.

Nakala nimeipata. Nimeitazama dirishani, nimeitazama kwa miwani na bila miwani, na sasa nyamaza kama mnavyonyamazishana huko, nikuseme.

Kwanza, pilipili zangu ni nyeusi. Pilipili nyeusi ni pilipili iliyooza. Nani kakwambia nilitunga mizoga? Zilikuwa nyekundu hadi nyuki walikuwa wanazidhania maua.

Pili, ule ukuta. Upande wa kushoto nilikuwa nimepaka chokaa wiki ile ile, mweupe kama yai. Wewe ukaupa mgongo, ukatafuta upande uliobanduka. Tena viatu! Nilikuambia ngoja nikavae vile vya Idi, ukanijibu, "Hivyo hivyo Bibi, hivyo ndivyo vizuri." Nikadhani ni adabu, kumbe ulikuwa umeliona tundu la kidole gumba. Watu wa Sfax wote sasa wanajua kidole changu.

Tatu, na hili ndilo limenifanya niiweke picha chini nikanywe maji. Huyo mwalimu na leso yake analilia nini? Silii pale, wee mtoto! Nacheka! Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinaniuma, kwa sababu Shedlia alikutazama ukiwa umefumba jicho moja nyuma ya dude lako, akasema, "Mtazame. Siku ya harusi huyu ataoa nusu ya mwanamke." Ndipo nikafumba macho na kuachama mdomo, na ndipo ukabofya. Sasa umemtoa aliyenichekesha, nimebaki naachama peke yangu kama mfiwa. Hata mimi nikijiangalia nataka kujipa pole.

Na huyo daktari wa meno, si ajabu, kazi yake kung'oa. Yeye mama yake akikaa na jirani yake huwa anamwamuru mmoja ashuke kitini?

"Mwambie Bi Shedlia nitampiga yake peke yake." Simwambii. Nitamwambiaje mtu asiyefungua dirisha ninapopita? Wewe isafishe picha nzima, ya watu wawili, pilipili zote na goti lake lote, uipeleke kwake kwa posta. Hilo tu. Halafu itoe ile nyingine ukutani.

Mimi sina shida. Nina kazi nyingi, wala sina hata muda wa kukaa kizingitini.

Mannubia


Sfax, 14 Februari 1987

Bibi mpendwa,

Nakubusu kichwa. Nafurahi Beya ana mapafu. Nimekutumia mafuta ya mguu kwa mkono wa dereva Salah, mwambie Hedi akayachukue kituoni.

Usinikasirikie kwa ninalotaka kukwambia. Alhamisi ilipofika niliiweka barua yako mezani badala ya picha, nikaisoma. Yote. Ulipofika kwenye pilipili zilizooza karani wa reli aliegemea ukuta kwa kicheko. Ulipofika kwenye kung'oa, hakuna aliyethubutu kumtazama Bwana Rauf. Lakini ulipofika pale unaposema ulikuwa unacheka, Bibi, walivuta viti karibu. Yule mwalimu, Bi Sonia, akaniuliza, "Lutfi, ulijua?" Nikasema nilikuwa nyuma ya kamera. Bwana Rauf akasema picha haiulizwi ilikotoka, inaulizwa inakokupeleka. Walibishana hadi mlinzi akaja kutufungia mlango.

Sasa wanataka maneno yako zaidi. Wanasema katika miaka mitatu hakuna aliyewaambia picha zao zina nini bila kwanza kuwasifu. Nimekuwekea tatu, majina yameandikwa nyuma. Ziseme utakavyo.

Picha nzima nitaisafisha, usiwe na shaka. Kwa sasa filamu yake iko kwa Bwana Rauf, na Bwana Rauf ana wagonjwa wengi mwezi huu.

Lutfi wako


Nabeul, 25 Februari 1987

Lutfi,

Mafuta nimeyapata, yananuka kama kufuli. Kwa Hedi wote wazima.

Nani kakupa ruhusa ya kusoma barua yangu mbele ya wanaume tisa na mwanamke mmoja? Nilikwenda darasa la kina mama miaka miwili, nikificha daftari ndani ya kapu la mkate, nijifunze kuandika ili niweze kumgombeza mjukuu wangu bila kupitia kinywa cha mtu, na wewe unanitangaza kama redio zako unazozikarabati. Ningekuwa karibu ungejua.

Hizo picha tatu nilikuwa nimezirudisha ndani ya bahasha bila kuzitazama. Halafu nikazitazama.

Ya punda wa Bi Sonia. Jua linazama vizuri, punda kasimama vizuri, kila kitu kizuri. Ila begani pana kidonda cha kamba, kimeiva, na inzi. Mwulize alipomaliza kupiga alimpaka nini. Kama hakumpaka kitu, basi picha hiyo ni ya kidonda, na asiniambie habari za jua.

Ya mikono, ya Bwana Rauf. Mikono ya muuza mkate, mikunjo yote inahesabika, unga umo hadi kwenye kucha. Mimi napika mkate tangu nina miaka saba, nakwambia mikono hiyo inamjua mwenyewe vizuri. Yuko wapi mwenyewe? Huyo bwana kila mtu anamtaka kipande. Mwambie muuza mkate ana uso, na siku akimtazama huo uso labda atalazimika kumwamkia.

Ya tatu, ya karani wa reli, yule msichana anayekimbia na sinia la mkate kuelekea tanuri la mtaa, kapotea mwili mzima kama moshi. Umeandika nyuma kwamba mlimwambia aitupe kwa sababu imetikisika. Asiitupe! Hiyo ndiyo picha. Unga umeshaumuka, kachelewa, mwenye tanuri anafunga, mama yake atampiga. Nimeiona nikasikia nyayo. Aniletee na mimi moja niiweke juu ya redio.

Sasa la kwetu. Juzi nilikuwa tanurini na Shedlia akaingia na sinia lake. Aliniona. Akageuka na unga mbichi kichwani akarudi nao nyumbani. Wanawake wote walinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyefanya jambo. Nilinunua chumvi ambayo sikuihitaji ili nisitoke upesi.

Na Najat kasema jingine, nimelipata kwa mke wa Hedi. Kasema ile picha haiko ukutani tena. Nikashukuru. Kumbe imepelekwa Tunis mashindanoni, na karatasi yenye muhuri. Miezi yote hii unaniandikia habari za koti na upepo. Filamu iko kwa daktari wa meno! Unadhani mimi ni nani? Mwezi wa tisa nilikuona mwenyewe ukiitia kwenye kopo la kahawa na jina lako juu yake.

Machipukizi yametoka. Siku ishirini, labda pungufu.

Mannubia


Sfax, 4 Machi 1987

Bibi,

Nakubusu mikono ukiniruhusu.

Filamu iko kwangu, kwenye kopo. Ilikuwa kwangu siku zote. Nilidanganya.

Picha ni moja kati ya kumi zilizobaki mashindanoni, nchi nzima. Uamuzi ni tarehe ishirini na nane. Ya kwanza ikiwa ni yetu, zawadi ni mashine mpya ya kukuzia picha, kwa chama kizima. Tuliyo nayo ni moja kwa watu kumi na mmoja, taa yake inaungua kila wiki, tunaishika kwa waya na maombi. Kuna mzee kati yetu anasubiri zamu miezi minne kusafisha picha za harusi ya binti yake. Sheria inasema picha haiwezi kubadilishwa. Ama iendelee kama ilivyo, ama niiondoe. Nikiiondoa nawanyima wote. Nitawatazamaje?

Na uliuliza swali kwa mlango wa nyuma, kama Bi Sonia alivyouliza kwa mlango wa mbele. Ndiyo, nilijua kwamba hulii. Nilikusikia ukicheka, nilimsikia Bi Shedlia, na mimi mwenyewe nilicheka hadi kamera ikatikisika, ndiyo maana zipo tano na nzuri ni moja. Bwana Rauf aliposogeza vile vipande nikaona uso wako umegeuka kuwa wa kilio. Ningeweza kusema. Zamu ya kusema ilinifikia, nikanyamaza. Nilipiga vikongwe wawili wanaocheka miaka mitatu mfululizo, Bibi, na hakuna aliyewahi kusimama mbele yao na leso.

Sijui nifanye nini.

Lutfi


Nabeul, 12 Machi 1987

Lutfi,

Mimi si kikongwe. Hilo kwanza.

Midanzi ya nyuma imefunguka tangu Jumapili, ukifungua dirisha unapigwa na harufu usoni. Nimetandika mashuka chini, nimechuma peke yangu siku mbili. Maua yaliyochumwa hayasubiri mtu apatane na mtu, kesho yake yana rangi ya chai.

Basi jana nikasema, mimi Mannubia nishindwe na kofia ya shaba? Nikatia maua kwenye chungu, nikafunika kwa kile chombo cha juu cha kuvukizia kuskusi, nikakiziba matundu kwa unga uliokandwa, nikafunga kitambaa, nikatoboa pembeni na kupachika bomba la zamani la jiko la Hedi. Nikawasha. Nikakaa na chupa yangu mbele ya bomba kama bibi harusi. Saa nzima, tone hakuna. Nikaongeza kuni. Unga ukapasuka mahali pawili, kitambaa kikashika moto, maji yakakauka, maua yakaungua chini. Moshi ulitoka humu ndani mtaa mzima ukaunusa. Ami yako alikuja na ndoo.

Nilipokuwa ua wa nyuma nasugua masizi, nikasikia sauti juu ya ukuta. Ya Shedlia. Sikumwona, yeye ni mfupi. Alisema, "Moto mkubwa mno." Maneno matatu, baada ya miezi miwili na nusu. Halafu nikasikia mlango wake.

Sikumjibu. Nimjibu nini, asante?

Kuhusu mashine yenu sikuamulii. Wanaosubiri zamu wana haki yao, na huyo mzee wa harusi namwonea huruma. Lakini usiniulize nifanye nini huku umekaa juu ya kopo la kahawa. Mimi chungu changu kimeungua, na mfua shaba kanitumia salamu kwamba kama sikihitaji atakinunua kwa uzito.

Maua yatakuwepo wiki tatu.

Mannubia


Sfax, 20 Machi 1987

Bibi mpendwa,

Nimeiondoa.

Niliwaambia Alhamisi, kabla mtu hajaweka picha mezani. Niliwaambia nilivyokuandikia, kwamba nilijua. Bwana Rauf akasema mimi ni mpumbavu na kwamba hisia za nyumbani zibaki nyumbani. Karani wa reli akamwambia, "Daktari, wewe unayo mashine yako nyumbani. Sisi ndio tunaoipoteza hii, na sisi tunasema aiondoe." Si wote walisema hivyo. Wanne hawakunipa mkono. Yule mzee wa harusi alichukua kofia yake akaondoka, na hilo ndilo linaloniuma. Nimempa zamu zangu zote hadi mwezi wa saba.

Jumamosi tuliisafisha nzima, sisi sita, kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Taa iliungua mara mbili. Bi Sonia alishika waya, karani alihesabu sekunde kwa sauti kama anaita treni. Picha ilipoanza kujitokeza majini, Bi Shedlia alitangulia, wewe ukafuata. Halafu karani akacheka, akasema, "Huyu kasema nini?" Nikawaeleza kuhusu nusu ya mwanamke. Bibi, walicheka kuliko pale barua yako ilipowachekesha.

Nimeituma kwa Bi Shedlia, na barua yangu ndani yake, kwa jina lake. Pilipili bado ni nyeusi, hilo sikuweza.

Lutfi


Nabeul, 1 Aprili 1987

Lutfi mjukuu wangu,

Salamu kutoka kwangu na kutoka kwa watu wote, Beya kaota jino mapema, balaa. Naandika upesi.

Shedlia alikuja Jumatano. Aligonga, yeye ambaye hajawahi kugonga tangu tuolewe. Kasimama kizingitini na bahasha kubwa kama sinia, hanitazami, anatazama mlingoti wa taa.

"Nimeletewa barua," kasema. "Najat yuko mbali. Nisomee."

Ulijua hawezi kusoma. Ulijua mtaani hakuna mwingine atakayemkabidhi. Usinijibu, najua ulijua.

Nikamwambia aingie, akasema atasikia hapo hapo alipo. Basi nikasoma nimesimama. Nilisoma unavyomwomba radhi, nilisoma habari ya daktari na vile vipande vyake, nilisoma ulivyosema kosa ni lako na mimi sikuambiwa kitu. Nikafika mahali, nikaendelea mbele kidogo.

"Umeruka," kasema.

"Sijaruka."

"Mannubia. Macho yako yameshuka mistari miwili na mdomo umetoa mmoja. Sijui kusoma, lakini nakujua wewe."

Nikarudi nikasoma: Bibi ameniandikia barua nne, na hakuna hata moja ambayo jina lako halimo.

Hapo ndipo aliponitazama. Nilidhani atalainika. Wapi! Alipandisha sauti hadi mke wa Hedi akatoka.

"Barua nne? Nne! Hadi Sfax? Na mimi niko nyuma ya ukuta! Unadhani nilikasirika kwa ajili ya karatasi? Mimi sina picha hata ya harusi yangu, nitalilia kiwiko? Nilirudisha ungo ili uje uniulize, Shedlia, mbona umerudisha ungo! Nikangoja. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nikasema basi, ni kweli, kanikata mwenyewe. Kumbe mwenzangu amekaa hapa anachovya kalamu!"

"Wewe si ulinipa mgongo tanurini?"

"Ungenifuata! Una miguu!"

"Una mguu mmoja mzima," nikamwambia, "na ulikimbia kunishinda."

"Mjinga wewe, nilikuwa natembea taratibu ili unifikie!"

Lutfi, alisema kweli. Nilikuwa na hasira na wewe, na daktari, na Najat, nikakuagiza wewe upite posta ya Sfax ukazibe jambo lililokuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu. Nimezihesabu. Nilimwambia, "Niwie radhi, shoga." Nilisema kwa sauti ndogo, akanilazimisha nirudie mke wa Hedi asikie.

Halafu akaifungua picha mezani. Aliitazama weee. Akasema katoka mnene, kwamba ulipaswa kumwambia ageuke upande, na kwamba mimi nina bahati watu wa Sfax hawakuona kinywa changu kizima. Akasema kichwa chake na changu viko karibu mno, tunaonekana tunasengenya. Nikamwambia tulikuwa tunasengenya. Akasema kweli.

Kifuniko alikileta kesho yake kichwani. Chungu nimekisugua kwa mchanga na ndimu, doa jeusi limebaki chini, kila akiliona ananisimanga. Tumepoteza nusu ya msimu, maua ya kwanza yalikwishakwenda, na yale ndiyo yenye nguvu. Nyumba nyingi tunazozigawia maji ya maua mwaka huu zitapata chupa moja badala ya mbili, na nimewaambia sababu ni mimi, wasimuulize mwingine.

Yule mzee wa harusi umpelekee chupa kutoka kwetu, nimempa dereva Salah. Haitafidia mashine. Mpe tu. Na huyo daktari, nilitaka nimnyime, Shedlia akakataa, kasema mpe, labda hajawahi kupewa kitu kizima. Chupa nne ni za wale wasiokupa mkono, na wengine mgawane. Picha ya msichana wa mkate mbona sijaiona?

Ananiita. Anasema moto unazidi na mimi nimekaa na kalamu yangu tena. Kuanzia sasa usishangae barua zangu zikiwa fupi, Lutfi. Nina wa kusema naye.

Mannubia